Chelewa chelewa ya Ikhwani Safaa

Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wapigaji wake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za taarab kwa Kiswahili. Wakati huo klabu ya Ikhwani Safaa ya Malindi, Unguja, ilikwisha kutimiza miaka 23. Ilikuwa na vyombo kutoka Misri, ilikuwa na wanachama wenye jina mjini, na ilikuwa ikiimba Kiarabu. Ikaendelea na Kiarabu chake. Kiswahili kilikuja kupata nafasi ya kweli mbele ya kundi lile miaka ya 1950, na Siti, aliyefariki mwaka 1950, hakuwepo kusikia.

Mwenye jicho la biashara angeipa klabu hiyo miaka mitano tu. Watu wa mji wanataka nyimbo wanazozielewa, santuri za Kiswahili zinapigwa kila mgahawa, nyinyi mnang'ang'ania kasida za Cairo. Lakini kundi la Siti lilikwisha na Siti, na klabu iliyokuwa nyuma ya wakati ikasherehekea miaka 100 mwaka 2005, na bado ipo.

Imewezaje? Jibu langu naliweka mapema, ili asiyekubaliana nami ajue pa kunikamatia. Ikhwani Safaa haikuanzishwa kuwa bendi. Ilianzishwa kuwa nadi, yaani jumuiya ya watu wanaokutana, na muziki ni katika mambo wanayoyafanya wakikutana. Ndiyo maana iliweza kuchelewa kila jambo bila kufa, na ndiyo maana pia haijawahi kuwa ya kwanza katika jambo lolote la maana tangu mwaka ule wa 1905.

Tuanze na huo mwanzo. Hadithi inayosimuliwa Unguja ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri kiasi cha kumpeleka Cairo kijana aitwaye Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi. Aliporudi, akawafundisha wengine, na taarab ikapigwa ikulu kwa ajili ya Sultani na wageni wake. Nje ya kuta watu walisikia kwa mbali. Kwa hiyo kilichofanyika mwaka 1905, zama za Sultani Ali bin Hamoud, ni kwamba vijana wa mjini, wengi wao wa koo za Kiarabu, waliamua kuwa na cha kwao. Walichangishana, wakaagiza vyombo Misri, wakajifunza.

Jina walilochagua si la hivi hivi. Ikhwan al-Safa, ndugu wa usafi, ndilo jina la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, waliokuwa wakikutana faragha na kuandika risala za kila elimu: hesabu, nyota, mantiki. Moja ya risala zao ni ya muziki. Sijui wangapi katika vijana wale wa Malindi waliisoma, lakini jina linaonyesha walivyojiona. Walijiona ndugu kwanza. Neno "nadi" lenyewe ni la Kiarabu, maana yake mahali pa kukutania, na Mswahili wa mjini halimpi taabu kwa sababu barza anaijua tangu utotoni. Nadi ni barza yenye mlango, daftari la ada na kabati la vyombo.

Hilo kabati lina uzito kuliko mtu anavyodhani. Chukua kanuni. Ni chombo cha kuweka magotini au mezani, umbo la ubao uliokatwa pembe moja, na nyuzi zake kwa kawaida zinapita 70, kwa sababu kila sauti inabebwa na nyuzi tatu zilizolingana. Mpigaji anavaa vipete viwili kwenye vidole vya shahada na kuchomeka humo vijiti vya kudonolea. Upande mmoja daraja la nyuzi limekalia ngozi iliyowambwa. Sasa iweke ngozi hiyo Unguja, mita chache kutoka baharini, mwezi wa masika. Ngozi inalegea, nyuzi zinashuka, na kila jioni kabla ya chochote mpigaji anachukua ufunguo na kuanza: anadonoa, anakaza, anadonoa tena, anasogea. Nyuzi tatu, halafu tatu nyingine, halafu tatu. Wenzake wanakunywa kahawa na kuzungumza habari za mpira. Mtu aliyekaa karibu anasikia sauti moja ikiwa na ukungu, kisha ukungu unaondoka, na hapo anajua nyuzi zote tatu zimekubaliana.

Chombo kama hicho hakibebwi na mtu mmoja kutoka harusi hadi harusi kwa baiskeli. Kinahitaji pa kulala, kinahitaji anayejua kukitazama, na kinahitaji anayefundishwa kwa miaka ili siku mpigaji wa leo akishindwa, kuwe na wa kuvaa vile vipete. Klabu ndiyo iliyokuwa na nyumba, na vyombo vikuu vilikuwa mali ya chama. Kijana aliyetaka kujifunza fidla hakuhitaji kuwa na fedha ya kununua fidla. Alihitaji kukubaliwa, kulipa ada, kuja kila jioni, na kuvumilia kupiga nyuma ya wakubwa zake kwa muda mrefu.

Linganisha na Siti. Alizaliwa Fumba, akawa mfinyanzi, akaja mjini akiuza vyungu kwa sauti ambayo watu waliitambua kabla ya kumwona. Kundi lake lilikuwa la wachache: akina Subeti Ambari, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, na sauti yake katikati. Nyimbo zake zilizungumza habari za mji wenyewe, dhuluma zake na aibu zake, kwa lugha ya watu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida nje ya Mji Mkongwe. Ukinibana niseme nani aliyeifanya taarab kuwa ya Waswahili, nitakwambia ni Siti, wala sitapepesa jicho. Wanaoipa Ikhwani Safaa sifa hiyo kwa sababu ya mwaka 1905 wanachanganya umri na kazi. Lakini kundi lililosimama juu ya koo la mtu mmoja halina pa kwenda koo hilo likinyamaza. Ufundi ulibaki kwa watu mmoja mmoja waliomsikia, akiwemo Bi Kidude aliyeishi mpaka Aprili 2013. Haukubaki katika nyumba yenye kabati.

Miaka ya 1950 ndipo klabu ya Malindi ikakikubali Kiswahili. Si kwamba waliamka siku moja wakapiga kura. Mambo yaliwazunguka. Redio ya Cairo ilikuwa ikimwingiza Umm Kulthum kila nyumba yenye redio, sinema za Misri na za Kihindi zilikuwa zikijaza watu, na Sauti ya Unguja, iliyoanza 1951, ilihitaji nyimbo za kurusha kwa lugha ya wasikilizaji. Klabu ikafanya mawili kwa pamoja ambayo ukiyatazama haraka yanapingana: ikajitanua kwa mfano wa okestra za Misri, fidla zikawa safu nzima, akaja mpiga selo, akaja mpiga akodiani; na papo hapo maneno yakawa ya Kiswahili. Idd Abdalla Farhan, mtunzi na mwimbaji aliyeitumikia klabu kwa miongo mingi, ni katika waliolibeba jambo hilo.

Kiswahili hakikuingia kikiwa mgeni, maana kilikuwa na ushairi wake tayari. Wimbo wa taarab ya Unguja kwa desturi una beti za mistari mitatu, na kila mstari una vipande viwili vya mizani nane nane. Nikitunga mwenyewe, nisimwibie mtu: "Penzi si nguo ya duka, ukaipima kwa futi." Hesabu kwa vidole, nane na nane. Muziki wa Misri ulikuwa mkubwa, wa kupanda na kushuka, lakini ulipokutana na kipande cha mizani nane ilibidi ujikate ukae humo. Ndiyo maana bashrafu, ule upigaji wa vyombo vitupu unaofungua shughuli, bado una harufu ya Cairo na Istanbul, na mwimbaji akishafungua kinywa uko Unguja.

Halafu zikaja zama za siasa. Kuanzia 1957 mji uligawanyika mpaka kwenye maduka na misiba, na muziki haukubaki nje. Mwaka 1958 likazaliwa kundi la Shime Kuokoana, lenye mizizi katika umoja wa vijana wa chama cha Afro-Shirazi, na watu wake hawakuwa wale wa Malindi. Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Sultani akaondoka, na familia nyingi zilizokuwa nguzo ya Ikhwani Safaa zikatawanyika, nyingine zikaishia Oman na nchi za Ghuba.

Kwa mantiki ya kawaida, kisa hiki kingeishia hapa. Klabu yenye jina la Kiarabu, historia ya ikulu, wanachama wa tabaka lililopinduliwa: ni kipi cha kuiokoa? Kilichotokea ni kwamba jina liliwekwa pembeni. Klabu ikaitwa Malindi, jina la mtaa, jina lisilomkera mtu. Shime Kuokoana nayo ikaingia chini ya idara ya utamaduni, ikawa Mila na Utamaduni, na kwa ulimi wa mtaani Culture, yenye makao Vuga. Serikali mpya ingeweza kuifuta taarab kama anasa ya masultani. Haikuifuta. Watu waliofanya Mapinduzi walikuwa wamekulia katika nyimbo za Siti, mama zao walikuwa wakiziimba jikoni. Taarab ilikwisha kuwa ya Ng'ambo kwa miaka 30 na zaidi, na hapo utaona deni ambalo Malindi inalo kwa mwanamke ambaye haikumfuata alipokuwa hai. Laiti taarab ya mwaka 1964 ingekuwa ile ya ikulu peke yake, sidhani kama tungekuwa na la kuzungumza.

Na hapo ndipo wanawake walipoingia. Kabla ya hapo Malindi ilikuwa klabu ya wanaume, na wanawake walikuwa na vikundi vyao, kama Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, wakishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa mafumbo makali ambayo mengine yaliacha uhasama wa miaka. Baada ya Mapinduzi waimbaji wa kike wakasimama mbele ya safu ya fidla za Malindi, na ukiangalia leo huwezi kudhani ilikuwa vinginevyo. Sauti ya Rukia Ramadhani, kwa mfano, kwa wasikilizaji wengi ndiyo Ikhwani Safaa yenyewe. Klabu ilitumia karibu miaka 60 kufikia uamuzi ambao mji mzima ulishauona tangu Siti.

Lakini walipoingia, waliikuta nyumba imepangika. Mwimbaji alipata nyuma yake watu 20 waliokwisha kuzoeana pumzi, wanaojua wapi amezoea kuvuta na wapi atakata. Hili halijengwi kwa mazoezi ya wiki mbili.

Niliwahi kukaa nyuma ya akina mama kwenye taarab moja ya Idi, safu ya tatu, na nadhani nilijifunza kuhusu muziki huu zaidi kwa kuwatazama wao kuliko kuwatazama wapigaji. Mmoja, wa makamo, shela yake ya dhahabu, hakutikisika kwa beti mbili nzima. Noti alikuwa nayo mkononi tangu mwanzo, imekunjwa kwa urefu. Mwimbaji alipomaliza kipande cha pili cha ubeti wa tatu na waitikiaji wakapokea, bibi yule akainuka, akajiweka sawa nguo, akatembea polepole kwa mwendo wa wimbo, mkono ule wa noti umenyanyuka usawa wa bega ili kila mtu auone. Hakwenda moja kwa moja. Alizunguka kupitia safu ya kwanza upande wa kushoto, ambako hakukuwa na njia ya mkato wala sababu, isipokuwa mtu fulani alikuwa amekaa pale. Alipopita mbele yake kiitikio kilikuwa kwenye neno lenyewe. Kisha akamtunza mwimbaji, akarudi, akakaa. Hakuna aliyesema kitu. Jirani yangu alicheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika.

Hayo yote yanawezekana kwa sababu wimbo ni mrefu, dakika 10 na zaidi, na kiitikio kinarudi. Mwendo wa bibi yule ungekatika katikati ukumbini kama wimbo ungekuwa wa dakika tatu.

Upande wa pili wa maji, Tanga, walikuwa na haraka. Black Star na baadaye Lucky Star walichukua gitaa la umeme, wakapunguza watu, wakaongeza mapigo ya kuchezeka, na sauti ya Shakila Saidi ikafika Mombasa, Burundi na kwingineko kabla Malindi haijamaliza kukaza nyuzi. Kwa mvuto wa wakati ule Tanga ilishinda, hilo halina ubishi. Klabu zile leo zinaishi kwenye kanda na kumbukumbu.

Miaka ya 1990 ikaleta tufani kubwa zaidi, taarab ya kisasa. East African Melody na walioifuata walibeba vinanda vya umeme, watu wachache, maneno ya wazi yasiyo na fumbo refu, na ruhusa ya kucheza. Watu wakaiita rusha roho. Hesabu yake ni rahisi hata kwa asiyekwenda skuli: harusi ikilipa kiasi kilekile, fedha ya watu saba na fedha ya watu 25 si fedha moja. Mpiga fidla wa Malindi aliyegawana na safu nzima alijua alichopoteza. Baadhi ya wapigaji wa klabu kubwa walipiga huku na huku. Wa Culture walikuwa na njia yao ya zamani zaidi ya kupata riziki, kidumbak, ngoma ya harusi za mitaani yenye fidla moja, vidumbaki viwili na sanduku la kamba linalofanya kazi ya besi. Makame Faki, aliyejulikana kwa sauti yake ya zege, aliongoza kundi la namna hiyo.

Kwa nini basi Malindi haikufungwa miaka ile? Hapa narudi kwenye hoja yangu, maana ndipo inapopata mtihani wake. Wapigaji wake wengi hawakutegemea klabu kwa chakula. Walikuwa na kazi zao za mchana. Harusi zilipopungua, kilichopungua ni marupurupu, na jioni ilibaki jioni. Bendi ikikosa shughuli miezi sita, watu hutafuta bendi nyingine. Mwanachama wa nadi akikosa shughuli miezi sita, bado ana pa kwenda baada ya swala ya Isha, na akifiwa anajua nani watabeba jeneza. Sisemi klabu haikuumia. Iliumia: vijana wengi walikwenda kwenye vinanda, na safu ya fidla ikazeeka. Nasema haikuwa na sababu ya kuvunjika.

Na kuchelewa kukaanza kuwa mali. Jina la zamani lilikwisha kurudi, na mwaka 1988 lebo moja ya London ilitoa santuri za muziki wa Unguja, Ikhwani Safaa ikiwemo. Mwaka 2005, klabu ilipotimiza miaka 100, mkusanyo wa nyimbo zake ulifungua mfululizo wa rekodi uitwao Zanzibara, uliotolewa Ufaransa. Tamasha la filamu la ZIFF lilikuwa limeanza mwishoni mwa miaka ya 1990, Sauti za Busara likafuata mwaka 2004, na jukwaa la Ngome Kongwe likahitaji kundi ambalo mgeni hawezi kulipata kwao. Melody haikuweza kuwa hicho kitu. Malindi, isiyobadilika, iliweza.

Nina shaka yangu na riziki hiyo. Mgeni anapiga makofi mwisho wa wimbo, kwa adabu, akiwa amekaa. Hatunzi, hazunguki kupitia safu ya kwanza, fumbo halimgusi mtu anayemjua. Mwimbaji anaimba kwa uzuri uleule na hakuna kinachomrudia. Tamasha linataka dakika 45, kwa hiyo nyimbo zinafupishwa na bashrafu ndiyo ya kwanza kukatwa. Fedha ni halali, sibezi. Ila klabu iliyozoea kuchagua kasi yake, safari hii inapimiwa saa na mtu mwingine.

Chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichofunguliwa mwaka 2002 katika jumba la forodha la zamani pale Mizingani, kimebadilisha jambo ambalo lilikuwa la ndani ya nadi kwa miaka 97: mafunzo. Sasa kijana anaweza kujifunza kanuni, udi au fidla kwa noti zilizoandikwa, akiwa mvulana au msichana, bila kungoja wakubwa wamkubali. Mwaka 2009 Maryam Hamdani akaanzisha Tausi, kundi la wanawake ambamo kila chombo kinapigwa na mwanamke. Malindi ilimkubali mwanamke mbele, kwenye kipaza sauti. Nyuma, kwenye vyombo, ilibaki ya wanaume kwa muda mrefu. Tausi haikungoja mlango huo ufunguliwe.

Sasa kuna wasichana Unguja wanaoshika ule ufunguo na kukaza nyuzi tatu tatu mpaka ukungu uondoke. Wengi hupiga katika vikundi vya watu watatu wanne, hotelini, jioni moja moja, kwa malipo yanayoeleweka. Safu ya fidla ya Malindi inahitaji watu wasiopungua sita wanaokuja kila siku bila kuulizia malipo. Nilimuuliza mmoja wa wasichana hao kama angekwenda Malindi wakimwita. Alifikiri kidogo, akaniambia angekwenda, ila kwanza angeuliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Nikamwambia saa tatu usiku. Akacheka, akasema kwa hiyo saa nne.